Upande Mmoja wa Koleo

Siku ya kumaliza kilio cha baba nilipewa chuma, na nitasema ukweli tangu mwanzo: sikukipenda. Wengine siku hiyo hupewa maneno mazuri, au picha ya marehemu kwenye fremu. Mimi nilipewa kipande cha chuma cheusi, urefu wake kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole, kimeviringishwa kwenye gazeti lenye mafuta. Aliyenipa ni mzee mhunzi ambaye moto wake na wa baba ulitenganishwa na pipa moja la maji kwa miaka yote ninayoikumbuka. Namwita baba mdogo, ingawa hatuna udugu wowote. Alinipa mbele ya watu, akasema, "Hii ni yenu," kisha akarudi kuketi na kuendelea na kinywaji chake.

Kiwanja cha wahunzi pale mtaa wa Jabe kina desturi yake. Mhunzi akifa, koleo lake halishikwi tena na mtu. Wanang'oa ribiti, ile pini fupi inayofunga pande mbili za koleo, kisha upande mmoja wanaupigilia kwenye nguzo ya kiwanja, pamoja na pande za wenzake waliotangulia. Mahali pake pa moto hapawashwi mpaka familia iseme neno. Ikisema inaacha, panapewa mwingine. Ikisema inashika, huyo anayeshika ana mwezi mmoja wa kuja na koleo alilolifua kwa mkono wake, ndipo pawashwe. Haruhusiwi kununua wala kuazima.

Kaka zangu wawili walikuwa wamekwisha kusema kwenye simu kwamba tunaacha. Mmoja yuko Uvira na maduka yake, mwingine yuko Ulaya, na wala hajui kiwanja kiko upande gani wa soko. Fundi mmoja wa kuchomelea alikuwa amekwisha kupapima mahali pa baba kwa hatua zake, huku na huku, miwani yake myeusi ikiwa juu ya kipaji cha uso. Kwa hiyo baba mdogo aliposimama tena na kuuliza familia inasema nini, watu walikuwa wanatazama sahani zao. Lilikuwa swali la kukamilisha tu.

Nikasema, "Mi nashika."

Mpaka leo sijui sauti ile ilitoka wapi. Mimi ni fundi cherehani. Nina meza yangu sokoni, nashona sare za shule na magauni ya harusi, nimepita umri wa miaka arobaini, na nyundo kubwa niliyowahi kushika ni ile ya kupigilia msumari wa kalenda. Mama alinitazama kama mtu anayetafuta homa usoni mwa mtoto. Yule wa kuchomelea alicheka, si kwa ubaya, akasema, "Mama, utaunguza mikono bure." Nikamwambia mikono ni yangu. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mimi nilikuwa nimeshavua mbele ya watu wote.

Ukiniuliza nilitaka nini, sina jibu safi. Mimi na baba hatukuwa watu wa maneno. Tangu niolewe na kuhamia Gasenyi, kila nilipokuja sokoni nilimpelekea chakula cha mchana. Nilisimama mlangoni mwa kiwanja, mahali ambapo cheche hazifiki, naye alikuja, akala akiwa amesimama, akanirudishia bakuli, akasema, "Asante, rudi salama." Hakuwahi kuniambia ingia. Hakuwahi pia kuniambia nisiingie. Miaka mingapi hiyo, na sikujua kama alifurahi kuniona au alifurahia maharage. Nilichojua ni kwamba nikishindwa, pale aliposimama patawekwa mashine ya umeme, nami nitapita pale kila siku nikienda mezani kwangu. Hilo sikulitaka kabisa.

Nyumbani nilikifungua kile chuma, nikidhani ni upande wa pili wa koleo la baba, nikakikagua kama ninavyokagua kitambaa. Kilikuwa na mdomo bapa wa kubania, halafu sehemu pana iliyosimama upande, ambayo wahunzi huiita kiuno, halafu mguu mrefu wa kushikia. Kiuno ndipo ribiti hupita. Lakini kiuno cha chuma changu hakikuwa na tundu. Nilikigeuza, nikakisugua kwa majivu, nikakiweka kwenye mwanga. Hakuna. Sasa ribiti waliyoing'oa ilikuwa imepita wapi?

Kesho yake nikaenda kumuuliza baba mdogo.

"Tundu inatobolewaka mwisho," akanijibu, huku akigeuza jembe kwenye moto.

"Mwisho wa nini?"

"Mwisho ya kazi."

Wanasema kuuliza si ujinga. Inategemea unamuuliza nani. Niliondoka pale kichwa kizito kuliko nilivyokuja.

Basi nikaanza. Nilidhani chuma bora ndicho kigumu, kwa hiyo nikatafuta resori, ile springi bapa ya gari, iliyotupwa nyuma ya gereji, nikaibeba begani hadi kiwanjani kwa majivuno. Baba mdogo alinikataza, akasema resori haipendi maji. Mimi nikaona ananizuia njia. Niliifua jasho likinitoka hadi kwenye visigino, nikapata kitu kinachofanana na mdomo wa koleo, nikakitumbukiza kwenye pipa kikiwa chekundu kama nilivyoona baba akifanya na mapanga. Kikalia ndani ya maji. Nilipokigonga kwenye fuawe, kikakatika vipande viwili kama sahani. Baba mdogo aliokota vipande akaviweka kando, na hilo liliniudhi kuliko kama angenicheka.

"Lete chuma kipole," alisema jioni. "Nondo. Ile ya kujengea."

Nondo niliipata Mutanga Sud, kwenye ukuta uliokuwa unabomolewa. Mlinzi wa pale namshonea watoto wake sare, akanipa vipande viwili virefu, vimepinda na vina saruji bado. Nikarudi navyo Jabe, nikasimama mbele ya moto wa baba mdogo, ndipo nikagundua jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu kwa uchungu. Ili ufue chuma cha moto unahitaji koleo la kukishika. Na mimi nilikuwa natengeneza koleo. Nikamwomba baba mdogo lake.

"Apana. Desturi unaijua."

"Sasa nishike na nini? Na meno?"

"Chuma iko mrefu. Shika ku mwisho yenye haina moto. Ukimaliza kichwa, ukate."

Jibu lilikuwa rahisi kiasi kwamba nilijisikia mjinga. Nikafunga gunia lenye maji kwenye ncha ya nondo, ncha nyingine nikaichomeka kwenye makaa, nikazungusha feni ya gurudumu la baiskeli ambayo baba alikuwa amemtengenezea baba mdogo. Asubuhi nilishona, mchana nilifua. Kwenye kitambaa cha harusi cha mteja mmoja niliacha alama ya kidole cheusi, ikabidi nifiche kwa ua. Mikono ilipata malengelenge, malengelenge yakapasuka, nikajifunza kushika sindano kwa vidole vilivyobaki.

Fuawe ya baba ni kichwa cha ekseli ya lori kilichozikwa kwenye gogo. Unaweka chuma chekundu ukingoni, unapiga mpaka mdomo utokeze. Halafu unageuza nondo robo mzunguko na kupiga tena, kiuno kinajitenga. Baba mdogo alinionyesha mara moja tu, kwa kipande chake, haraka, bila maneno. Niliutazama mkono wake mpaka macho yakauma. Kilichonichanganya ni ile robo. Unageuza upande gani, kulia au kushoto? Nikarudi kwenye kile ninachokijua. Shati lina mikono miwili. Ukikata yote miwili ya upande mmoja, umeharibu kitambaa, na kila mwanagenzi wa cherehani amewahi kulia kwa kosa hilo. Mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, itazamane. Hiyo ndiyo sheria niliyofundishwa nikiwa msichana, na sijawahi kuiona ikikosea.

Nikafua upande wa kwanza nikigeuza kulia. Siku nne. Nikafua wa pili nikigeuza kushoto. Siku tano, maana nililazimika kurudia mdomo. Nilipovikata vyuma vyote viwili na kuvipanga kando kando juu ya gogo, nitakuambia, vilikuwa vizuri. Vilitazamana kama mikono ya shati iliyopigwa pasi. Niliita watu. Kweli niliita watu, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Baba mdogo alichukua vyote viwili, akajaribu kuvipandanisha. Mdomo mmoja ulitazama huku, mwingine ukatazama kule. Akageuza. Viuno vikagongana. Akageuza tena, miguu ikakaa pamoja lakini midomo ikapishana. Kila alivyoviweka, vilikataa. Yule wa kuchomelea alianza kucheka, safari hii hakujizuia.

"Umeshona," baba mdogo akasema.

"Nimefanya nini?"

"Umeshona, mwanangu. Ulifanya ya kulia na ya kushoto. Koleo haiko shati."

Akaniomba mkono. Nikampa wa kulia, tukashikana kama watu wanaosalimiana. Akasema angalia. Mkono wangu wa kulia, mkono wake wa kulia, inashikana vizuri kwa sababu ni ya aina moja, ila mmoja unatoka huku na mwingine unatoka kule. Halafu akaondoa wake, akanipa wa kushoto. Tukajaribu. Vidole vilikwenda ovyo, gumba likagonga gumba. Pande mbili za koleo ni sawasawa, akasema, hakuna tofauti hata kidogo. Unafua kitu kilekile mara mbili, halafu kimoja unakilaza juu ya mwenzake kwa kukipindua.

Nilielewa mkono. Chuma sikukielewa. Nilikaa juu ya debe nikiwa nimeshika pande zangu mbili, na nilitaka kulia, si kwa huzuni, kwa hasira ya kuchanganyikiwa. Siku zilizobaki zilikuwa sita. Nondo iliyobaki ilikuwa fupi, haiwezi kushikwa kwa mkono bila kuungua. Yule wa kuchomelea, na hapa lazima niwe mkweli, aliinama karibu nami akasema kwa upole, "Mama, mi naweza kata kiuno, naunga ku upande ingine. Dakika mbili. Nani atajua?" Nikamwambia mimi nitajua. Akapandisha mabega akaenda zake.

Nikafikiri: niangalie la baba. Upande wake mmoja uko pale kwenye nguzo, mwingine uko nyumbani kwangu kwenye gazeti. Nikiuona mmoja nikaushika mwenzake, nitaelewa jinsi zinavyolalana. Nilikwenda kwenye nguzo. Pande za marehemu zimepigiliwa pale, kama saba hivi, zimeshika kutu. Wa baba niliujua bila kuambiwa, mguu wake umezungushiwa waya wa shaba, ule waya niliouona mkononi mwake tangu utoto. Na kiuno kilikuwa na tundu, duara safi, limeliwa na miaka.

Kesho yake nikaleta chuma changu kutoka Gasenyi. Nikakiinua, nikakilinganisha na cha nguzoni. Havikufanana. Cha nguzoni kiligeukia kushoto. Changu kiligeukia kulia, kama vingine vyote pale. Nikajaribu hivi, nikajaribu vile, nikihesabu kwa vidole kama mtoto. Hakuna njia yoyote ambayo vyuma hivi viwili viliwahi kuwa koleo moja.

Nilimfuata baba mdogo pale pale alipokuwa akipiga jembe. Nilisema kwa sauti ambayo mama asingeipenda.

"Mmekosea. Mlinipa chuma cha marehemu mwingine. Mlinipa baba wa mutu mungine."

Yeye alirudisha jembe motoni kwanza, taratibu, ndipo akanigeukia.

"Baba yako alikuwa anapiga na mukono gani?"

"Wa kushoto." Nani asiyejua. Bibi alimchapa utoto wote kwa ajili ya mkono huo, na bado alikula nao, alisali nao, alipiga nao.

"Na we?"

"Wa kulia."

Akarudi kwenye jembe lake, kana kwamba amemaliza. Nilisimama pale sijui nishike lipi niache lipi. Ndipo akaona kwamba sijaelewa, akavuta debe, akaketi. Mtu wa mkono wa kushoto, akasema, koleo lake hugeuka kinyume na la watu wote. Koleo la baba, mtu mwingine hakuweza kulitumia, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwibia. Upande mmoja wa koleo hilo uko kwenye nguzo. Wa pili walimwekea kwenye sanduku, wakamzika nao.

"Sasa hiki?" Nilikuwa nimekiinua hewani.

"Hii alifua mu siku ya mwisho. Alikuya hapa siku tatu na ile kikohozi yake. Nikamuambia kaa kitako, mzee. Akasema iko na kazi. Mi nikaona anageuza ku kulia, nikamuambia we, unapoteya, unageuza vibaya. Akaniambia, 'Haiko yangu.'"

"Ya nani?"

"Mi pia nilimuuliza hivyo. Akasema ni ya ule anasimamaka ku mulango."

Nilikishusha kile chuma, nikakishika kwa mikono miwili. Kisha hasira ikarudi, maana kwangu hasira haiendi mbali.

"Kwa nini hukuniambia? Mwezi mzima. Nilikuja, nikakuuliza."

"Uliuliza tundu. Haukuuliza ni ya nani." Akakohoa. "Na yeye alisema, akiuliza, mumuambie. Asipouliza, iwe chuma tu. Asibebe muzigo yenye hakuomba."

"Na upande wa pili?"

"Siku ya ine hakukuya."

Alisimama, akachukua kile chuma mkononi mwangu, akakilaza juu ya gogo. Akachukua zile pande zangu mbili zilizokataana. Ule wa siku tano, uliogeukia kushoto, akauweka kando. Ule wa kwanza, uliogeukia kulia, akaupindua na kuulaza juu ya chuma cha baba. Viuno vikakaa. Midomo ikakutana. Wangu ulikuwa mfupi kidogo, na mistari ya nondo bado ilionekana kwenye mguu, lakini vilikutana. "Haukununua, haukuazima," akasema. "Moja ulipewa, moja ulifua."

Kutoboa upande wangu hakukuwa shida. Kutoboa wa baba nilisitasita. Nilikitia motoni, kikawa chekundu, nikakiweka kwenye fuawe yake, nikaweka kitobolea, nikainua nyundo, nikaishusha bila kupiga. Chuma kikapoa. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu baba mdogo akasema, "Toboa, mwanangu, hakimaliziki kwa kuangaliwa," na nikapiga. Tundu lilitoka limepinda kidogo upande. Tukapitisha ribiti ya moto, tukaiponda kichwa huku na huku, kisha nikatumbukiza koleo kwenye pipa nikilifungua na kulifunga, kulifungua na kulifunga, ili lisigande likipoa. Hapo nilifanya kama nilivyoambiwa.

Moto wa baba niliuwasha siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Chuma cha kwanza nilichoshika kwa koleo langu kilikuwa kile kipande kifupi cha nondo, nikafua ndoano ya kutundikia sufuria. Imepinda. Mama anaitumia. Yule wa kuchomelea alikuja, akalifungua koleo, akalifunga, akasema, "Bon," yaani sawa, akaenda kutafuta mahali pengine.

Bado nashona asubuhi. Na bado sielewi mengi. Sijui kama baba alitaka niingie, au alitaka tu niwe na kitu cha kuingilia siku nikitaka. Sijui kama ile siku ya nne mwili ulimkatalia, au aliona upande mmoja unatosha, mwingine nifue mwenyewe. Baba mdogo nimemuuliza mara mbili, na mara zote mbili amesema hajui, nami namwamini, jambo ambalo ni jipya kwangu. Miaka yote ile nilisimama mlangoni na bakuli, na neno moja tu lingetosha, lake au langu.

Umebaki ule upande nilioukosea, wa siku tano, uliogeukia kushoto. Ulikaa chini ya meza yangu ya cherehani kwa wiki kadhaa, naugonga kwa mguu. Siku moja niliuchukua nikaenda nao kwenye nguzo, nikaupindua, nikaulaza juu ya ule wenye waya wa shaba. Ukakaa. Nikaomba msumari, nikaupigilia pale.